Mche wa Managu Usio na Vifundo

Ukitaka kujua siri za mashamba ya Ekerenyo, usimuulize mwenye shamba, maana atakudanganya. Muulize Bochaberi. Kwa miaka kumi na minne mwanamke huyu amekaa kwenye kigoda chake sokoni, upande wa mboga, hatua chache kutoka kwa wauza mitumba, akiwa na kisu kilichonolewa hadi kikabaki nusu. Kazi yake ni kukata mizizi.

Huku kwetu mnavu huitwa managu, na ya kuuza hung'olewa yakiwa mazima, udongo ukiningʼinia, kisha yakashindiliwa kwenye magunia. Wanunuzi wanaoyapeleka Kisii na Nairobi hawataki udongo wa watu. Basi lazima awepo mtu wa kukata mizizi, kupanga mashina na kufunga mafungu kwa kamba za mgomba. Ikifika saa sita mizizi imejaa miguuni pa Bochaberi kama takataka, na takataka ndiyo wengine wanavyoiona. Yeye huisoma. Anajua nani amelima kwa haraka, nani ametia samadi mbichi, na nani anajisifu kuhusu shamba ambalo ni mawe matupu.

"Nyangate, shamba lako la chini limeanza kushika maji," alimwambia siku moja mama wa Manga ambaye hupanda pikapu na magunia yake kila wiki.

"Nani amekuambia?"

"Mizizi yako imeoza ncha."

Nyangate aliapa kwamba kuna mtu anampeleleza. Wiki mbili baadaye alikiri kwamba mtaro ulikuwa umeziba.

Sasa, miaka sita iliyopita Bochaberi alianza kuona mizizi yenye vifundo. Mwanzoni ilikuwa michache, mmoja mmoja, imevimba hapa na pale kama tangawizi changa. Alikata akatupa. Mwaka uliofuata ikawa mingi. Mwaka wa tatu ilikuwa inatoka karibu kila gunia, na mafungu yakawa mepesi, majani ya njano, mashina mafupi. Aliwahurumia wenye mashamba hayo, tena kwa kiburi kidogo, mpaka siku aliyong'oa managu yake mwenyewe nyumbani na kukuta vifundo vile vile.

Hapo kiburi kikamtoka, na usingizi pia.

Shamba lenyewe ni robo eka, linateremka kutoka nyumbani hadi kijitoni. Mama mkwe wake alimkabidhi mwaka alioolewa, pamoja na kibuyu cha mbegu zilizochanganywa na majivu, akamwambia kwamba majani chai ni ya wanaume na kiwanda, lakini hapa ni pako. Na kweli pamekuwa pake. Watoto watatu wamesoma kwa udongo ule, na Purity, wa kwanza, sasa ni muuguzi Nakuru. Mtu akikuambia managu ni mboga ya maskini, mpeleke kwa Bochaberi akatafunwe.

Afisa wa kilimo wa wadi alikuwa Bwana Gibson, mtu mnene mwenye pikipiki nyembamba. Alipoitwa alikuja, akang'oa miche mitatu, akaitikisa, akatikisa na kichwa chake.

"Mama, hii si njaa ya mbolea. Hii ni minyoo. Midogo mpaka miwani yangu haiioni. Inaingia ndani ya mzizi, inakaa hapo inanyonya, mzizi unavimba. Wewe unaona majani ni njano, unaongeza mbolea. Ni kama kumpikia mtu ambaye tumboni mwake kuna wengine wanakula kabla yake."

"Na dawa?"

"Dawa iko, lakini ni kali, na wewe unauza majani ya kuliwa. Siwezi kukuambia uiweke. Pumzisha managu hapa. Panda kitu kingine misimu miwili, mitatu."

Alikuwa ameshawasha pikipiki alipokumbuka jambo. "Mimea haifanani, Mama Purity. Ni kama watu. Mbu mmoja anauma wawili, mmoja analala wiki, mwingine anaenda kulima. Kwa hivyo ukipata managu ambayo imekaa kwenye udongo mgonjwa na mizizi yake ni safi, usiile. Hiyo ni mali."

Bochaberi alishika maneno hayo ya mwisho. Kwa bahati mbaya mumewe, Obwocha, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, alishika yale mawili ya katikati: kitu kingine.

Kwa Obwocha kitu kingine kilikuwa kimoja tu, mkaratusi. Alikuwa amestaafu kiwanda cha chai, alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, na magoti yake yalikuwa yamechoka na milima. Alipenda miti kwa sababu alizozieleza bila kuombwa. "Mti hauombi palizi. Hauugui. Na haukui ukaenda Nakuru." Tayari alikuwa ameotesha mbegu katika vifuko vya nailoni nyuma ya choo.

"Baba Purity, mkaratusi ukiingia pale hautoki," Bochaberi alimwambia. "Ukiukata unachipuka. Kijito kitakauka. Hakuna mboga itakayoota hapo tena mimi nikiwa hai."

"Na sasa inaota?"

Hilo ndilo lililomuuma. Mumewe hakuwa mkorofi, na alikuwa anasema kweli. Mwishowe walikubaliana kama watu wazima: Obwocha angempa hadi mvua za masika zijazo. Ikifika mwisho wa Mei na managu bado yanaanguka, shamba litakuwa la miti, na hakuna atakayenuna.

Tangu siku hiyo Bochaberi akawa anakata mizizi kwa jicho jingine. Alitafuta mzizi safi kutoka gunia la vifundo. Mchana ukiisha, macho yalimwasha. Wauzaji walidhani amepoteza pete.

Ijumaa moja ya Agosti, Nyangate alishusha magunia mawili. La kwanza lilikuwa baya kuliko yote ya mwaka ule. Bochaberi alikata haraka, maana Ijumaa si siku ya kuchelewa. Jua likizama Sabato imeingia, na mke wa mzee wa kanisa hakutwi njiani na kisu mkononi. Mikono ilikuwa imezoea kufanya kazi bila kumsubiri, mpaka ikamjulisha kwamba kuna kitu. Mzizi aliokuwa ameushika ulikuwa laini. Mrefu, mweupe, wenye nywele nyingi, bila kifundo hata kimoja. Kisu kilikuwa kimeshagusa shina.

Akakiondoa polepole, kama mtu anayemwondoa nyigu shingoni pa mtoto. Kisha akapiga magoti na kuchakura rundo la mizizi. Akapata mwingine safi. Wa tatu. Wa nne. Yote mitatu ya rundoni ilikuwa imekatwa, imekatwa na yeye mwenyewe robo saa iliyopita, na mashina yake yalikuwa ndani ya mafungu mia moja na zaidi yaliyokwisha pakiwa kwenye lori la Kisii. Lori lilikuwa likipiga honi kona ya barabara.

"Nyangate! Haya managu umeyatoa wapi?"

"Si shambani?"

"Shambani wapi?"

Nyangate alifikiri. "Mengine nimeyang'oa nyuma ya nyumba ya zamani, ile iliyobomoka. Yamejiotea tu hapo, hayakupandwa na mtu. Niliona gunia halijajaa."

"Yamebaki?"

"Yabaki ya nini? Nimesafisha pote. Kesho kutwa kijana wangu anajenga hapo."

Bochaberi alikaa chini kwenye udongo. Alijisikia kulia na akalia kidogo, hadharani, na Nyangate, ambaye hakuelewa chochote, akamshika bega na kumwambia pole ya jumla. Kisha Bochaberi akafuta uso, akauinua ule mche mmoja uliosalia, akaung'oa majani yote isipokuwa mawili ya juu ili usichoke, akauzungushia tope, akaufunga kwa ganda bichi la mgomba. Akampa Nyangate kisu amalizie kazi. Tangu akipokee kisu hicho kwa fundi wa Nyamira, hakuwahi kumpa mtu.

Mvua ilinyesha. Bodaboda ilikwama mara mbili kwenye utelezi, na alipofika nyumbani jua lilikuwa limezama, Sabato imeingia, na yeye ana mche mikononi unaokufa.

Wewe unaweza kucheka. Kwa Bochaberi halikuwa jambo la kucheka. Kupanda ni kazi, na kazi haifanywi saa zile. Tangu abatizwe alikuwa hajawahi kugusa jembe siku ya Sabato, hata mwaka ule mvua ya mawe ilipotandaza mahindi chini. Alisimama uani na kifurushi chake mpaka Obwocha akatoka na taa.

"Umeleta nini?"

"Mgonjwa."

Akaufungua. Obwocha aliutazama mche ule uliolegea, uliobaki na majani mawili, akamtazama mkewe, akajua kwamba akicheka atalala njaa.

"Wewe ni mzee wa kanisa," alisema Bochaberi. "Niambie. Kuutia kwenye beseni la maji ni kazi?"

Obwocha alikuna kidevu. Alipenda kuulizwa maswali ya namna hiyo, na siku hizi hakuna aliyemuuliza. Alilizungusha swali, akaligeuza, na mwishowe akatoa hukumu: kupanda ni kazi, lakini kumpa mgonjwa maji si kazi. Tena yeye mwenyewe akaenda kuleta beseni. Hakujua kwamba alikuwa anateka maji ya kuizamisha mikaratusi yake.

Jumapili asubuhi Bochaberi alipanda mche ule kwenye pembe mbaya kuliko zote za shamba, mahali managu yalipokuwa yakifa kabla ya kufika magotini. Ilikuwa ni kama kumpeleka mtoto aliyeepuka surua katika nyumba yenye surua. Lakini kama angeupanda mahali pazuri angejua nini?

Mche ulilegea siku nne. Siku ya tano ukainuka. Mwezi wake wa pili ulikuwa umemfika kiunoni, kijani kibichi, na kuzunguka pande zote wenzake walikuwa wa njano na tayari wamechanua.

Jambo hilo la kuchanua ndilo lililomfunua macho. Siku moja alikuwa ameinama kwenye mche ule, na mkono wake, kwa mazoea ya miaka thelathini, ukaenda moja kwa moja kuvunja kilele. Majani yalikuwa mapana na laini, mboga ya kumpikia mkwe. Mkono wa pili nao, kwa mazoea yale yale, ulikuwa umekwisha kushika kijiti kifupi cha njano pembeni chenye matunda yaliyoanza kuiva, ili ukifunge uzi wa alama kuwa ni cha mbegu. Akasimama hapo, mkono mmoja huku na mwingine kule.

Ndivyo walivyofanya siku zote. Mama mkwe alimfundisha hivyo, na mama yake mzazi huko Manga alifanya hivyo, na kila mwanamke aliyemfahamu. Mche mzuri haukuachwa uzeeke. Ulichumwa, ulipelekwa sokoni, ulipikiwa wageni, na kuuacha ukazaa matunda ilikuwa aibu, ishara ya nyumba isiyo na mpishi. Mbegu zilichukuliwa kwa vile vilivyobaki, vidogo, vilivyokimbilia kuzaa mapema. Na kwa nini vilikimbilia kuzaa? Kwa sababu vilijua vinakufa. Mizizi yake ilikuwa imeliwa.

"Tumekula wazima," aliwaambia wanawake sokoni Jumatatu, "na tumepanda wagonjwa. Miaka yote hii. Kisha tunalaumu udongo."

Wengine walicheka. Mmoja alimwambia kwamba hata bibi yake alifanya hivyo na akaishi miaka tisini. Nyangate hakucheka. Aliangalia gunia lake kwa muda, akauliza, "Sasa mtu ataanza kula mbaya na kuacha nzuri? Nyumbani kwangu watanifukuza." Na lilikuwa swali la haki, maana Bochaberi mwenyewe hakuwa amejaribiwa bado.

Mche wake ulizaa kwa kuchelewa na kwa uchoyo, na ndege waliwahi. Aliokoa matunda matano. Alizikamua mbegu kwenye kikombe, akaziosha, akazikausha kwenye kipande cha gazeti, akazitia majivu. Angeweza kuweka nusu akiba. Lakini nusu ya mbegu ingekuwa nusu ya mstari, na alimjua Obwocha: hangehesabu nusu ya mstari kuwa shamba. Mwezi wa Machi akazisia zote. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

Ziliota vizuri. Alihamishia miche hamsini na sita katika pembe ile ile mbaya, mstari mmoja mrefu, na mistari mingine akapanda mbegu zake za kawaida. Mwishoni mwa Aprili, jioni moja, mvua ya mawe ikaja kutoka upande wa Kisii na kupiga dakika saba. Ilipokatika, miche thelathini na saba ilikuwa imevunjika kabisa.

Hakulia safari hii. Alipiga magoti kwenye tope na kung'oa ile iliyovunjika, mmoja mmoja, akaisoma. Ishirini na tisa ilikuwa safi. Mitano ilikuwa na vifundo vichache. Mitatu ilikuwa imejaa. Aliifunga kwenye mfuko akampelekea Bwana Gibson, na yule bwana akavaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Hii kitu ni ya ukweli," alisema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwaminifu, akaongeza, "Lakini usianze kuimba. Iko michanganyiko ndani, unaona hii mitatu. Na hata ile safi, ukiipanda mahali pamoja kila msimu, minyoo nayo itatafuta njia. Badilisha na mahindi. Na usiachie mche wenye vifundo uzae."

Bochaberi akabaki na miche kumi na tisa, na hakujua ipi ni safi na ipi si safi. Kujua ni kung'oa. Kung'oa ni kupoteza mbegu. Obwocha siku ya mvua ile alikuwa mkutanoni Nyamira, hakuona mizizi, na alipoelezwa alisema kwamba mvua ya mawe haitoi ushahidi.

Mei ikaingia. Mistari ya kawaida ikawa njano. Ule mmoja ukasimama kijani, miche kumi na tisa minene, majani kama viganja.

Basi wageni wakaja. Drusilla, dada mkubwa wa Obwocha, aliyemlea baada ya mama yao kuugua, alifika kutoka Manga na wanawake wawili wa kanisani kwake. Wamisri wangeingia kwa farasi Obwocha asingebabaika hivyo. Alileta viti nje, akamwita mkewe kwa sauti ya mtu mwenye mali.

"Mama Purity! Wachumie wageni ule mstari wa kule chini."

Drusilla alikuwa ameshauona. Mboga inayoonekana kutoka uani haiwezi kufichwa.

"Ule hauchumwi," alisema Bochaberi.

Obwocha alidhani amesikia vibaya. "Ni wifi yako huyu."

"Namjua. Na ningekuwa na mboga nyingine ya kufanana naye ningempa. Ule ni wa mbegu."

Hakuna mwanamke wa Kigusii asiyejua alichokifanya hapo. Kumnyima mgeni mboga anayoiona ni kumwonyesha mlango. Uso wa Bochaberi uliwaka alipokuwa akisonga ugali wa wimbi. Aliupanga vizuri kwenye ekee, kile kikapu chake cha wageni, na kando yake akaweka kabichi aliyoinunua dukani mbio mbio. Drusilla alikula tonge tatu.

"Kabichi nimeiacha kwangu Manga," alisema, akanawa mikono. Hawakungoja chai.

Baada ya hapo Obwocha alirudisha viti ndani, akaacha kimoja. Alikaa nje mpaka giza likaingia. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Umeniaibisha mbele ya mtu aliyenibeba mgongoni. Kwa ajili ya majani. Jumapili napanda miti."

"Mei haijaisha."

"Kwangu imeisha."

Jumapili asubuhi alikuwa shambani na jembe na beseni la vifuko vya mikaratusi, na Bochaberi nyuma yake, kitambaa kichwani, hajanywa hata uji. Obwocha alipima hatua kutoka kijitoni, akainua jembe, akachimba shimo la kwanza mwanzoni mwa ule mstari wa kijani. Akachimba la pili. Katika la tatu akapumzika, akauegemea mpini.

"Sema basi kitu," alisema. Alikuwa hapendi kushinda bila kubishiwa.

"Niseme nini? Nimekuambia mizizi ni safi, ukasema hujaiona."

"Nionyeshe."

Bochaberi alikuwa akiliogopa neno hilo tangu Aprili. Aliitazama miche yake. Katika kila kumi iliyovunjika, miwili hivi ilikuwa na ugonjwa. Na hii je? Angeweza kumchagulia. Macho yake ya sokoni yalikuwa na mmoja wa katikati ambao aliuamini. Lakini alikuwa ameishi na mtu huyu miaka thelathini na miwili, na alijua kwamba akichagua yeye, Obwocha ataondoka na shaka mfukoni.

"Chagua wewe."

Obwocha akatembea kutoka mwisho hadi mwisho, mikono mgongoni, kama anayekagua vikapu vya chai. Bila shaka akachagua mrefu kuliko yote. Ulikuwa umebeba matunda mengi, mabichi bado, hata moja halikuwa na mbegu iliyokomaa. Bochaberi akainama, akaushika shina chini kabisa, akatikisa, akavuta. Udongo ukaachia. Akaenda nao kijitoni, akauosha polepole, na mumewe akachuchumaa kando yake.

Mizizi ilikuwa mirefu na myeupe, mingi kama ndevu za mahindi. Bochaberi aliigeuza. Kwenye ncha moja, chini, palikuwa na vifundo viwili, vidogo kama punje za wimbi. Kidole gumba chake kilikuwa karibu hapo hapo. Kingevifunika bila mtu kujua, na Obwocha bila miwani hangeviona mpaka kiama.

Akaondoa kidole.

"Hivi hapa," alisema. "Vipo viwili."

Obwocha akausogeza mzizi puani. Akainuka, akaenda kwenye mstari wa jirani, akang'oa kijiti cha njano, akarudi, akakiosha mwenyewe. Hapakuwa na mzizi wa kusema mzizi. Palikuwa na uvimbe tu, mmoja juu ya mwingine. Akashika mmoja mkono huu na mwingine mkono ule, akailinganisha.

"Viwili," alisema Obwocha.

"Viwili."

"Umetoka udongo huu huu."

"Hatua moja kutoka kwa huyo."

"Mimi mwenyewe nina minyoo zaidi ya hii," alisema Obwocha, na Bochaberi akacheka ghafla, kicheko kikubwa cha hofu inayotoka, mpaka akakaa kwenye maji. Mumewe alijizuia, kisha naye akashindwa.

Alipopata pumzi Bochaberi akafuta macho, akausogelea mstari. "Nikuonyeshe mwingine? Huenda huu ni bahati."

"Usiguse!" Obwocha alisema kwa ukali ambao uliwashangaza wote wawili. Akashusha sauti. "Usiguse mwingine. Iache izae. Huyu mmoja amekufa kwa sababu yangu, anatosha."

Akaichukua ile mboga iliyong'olewa, akaipangusa matone, akayatazama majani yake mapana.

"Hii utaipika na maziwa. Upike vizuri. Mimi mchana nitaipeleka Manga."

"Kwa Drusilla?"

"Kwa nani mwingine? Nitamwambia mdogo wake ni mjinga na wifi yake ana akili. Hilo la kwanza analijua."

Miti ilikwenda kule juu kwenye mawe, mahali ambapo hata mbuzi hukataa kula. Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Kwanza Obwocha aliyafukia yale mashimo matatu, akayakanyaga. Kisha akaenda kukata vijiti, akaanza kuizungushia ua miche kumi na minane, na kila kuku aliyesogea akamfokea kwamba shamba hili lina mwenyewe, na mwenyewe ni mkali.